Familia isihame nusu nusu: barua ya wazi kuhusu vyeti vya watoto wa Lubumbashi

Kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Waziri wa Mambo ya Ndani, Waziri wa Sheria, Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga, pamoja na wabunge na maseneta waliochaguliwa katika jimbo letu

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Lubumbashi, nikiwa mwalimu wa sekondari ambaye kwa miaka mingi wazazi wamekuwa wakimletea dosie (mafaili ya karatasi) za watoto wao kila wanapojiandaa kuhamia nchi nyingine. Wanakuja kwangu kwa sababu shule ndiyo inayotoa buletini (ripoti za alama) na vyeti vya masomo, lakini tukishaketi na kufungua bahasha, mara nyingi tunaona kwamba tatizo lao si buletini. Baba amepata kazi Kitwe kule Zambia au Johannesburg, au mama amepata nafasi ya kusoma Liège, Ubelgiji. Mkataba umesainiwa, tarehe ya kuanza imewekwa, na kati ya watoto wote wa nyumba ni mmoja tu mwenye cheti cha kuzaliwa kinachoweza kukubaliwa nje ya nchi. Ndipo mzazi mmoja anapoondoka peke yake, akiahidi kwamba wengine watamfuata baada ya miezi michache, na miezi hiyo huwa miaka. Ombi langu katika barua hii ni moja: Serikali iiwezeshe familia ya Lubumbashi kukamilisha karatasi zake zote hapa hapa Lubumbashi, kwa pamoja, ili anayehama ahame na watu wake.

Najua wapo watakaosema kwamba kazi ya Serikali ni kuwabakiza nchini madaktari, wahandisi na mafundi wetu, si kuwarahisishia njia ya kuondoka. Nami ningependa wabaki. Lakini kubaki kwao kunategemea mishahara, umeme, maji na usalama, wala hakuna fundi aliyewahi kuipenda nchi yake zaidi kwa sababu mtoto wake alinyimwa cheti. Tena Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika ardhi ya Jamhuri haki ya kutembea huru, ya kuchagua makao yake, ya kutoka na ya kurudi. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wanaume wasio na watoto peke yao.

Mji huu wenyewe ulijengwa na watu waliohama. Ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, wafanyakazi wa shaba waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na baadaye kutoka Ruanda-Urundi, na katika miaka ya mwanzo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliwachukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka, na kila mara ilibidi kutafuta watu wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili utaratibu wake: ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza wafanyakazi waje na wake zao, ikajenga nyumba za familia katika makambi, zahanati za akina mama na shule za watoto. Haikufanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa ikipiga hesabu ya faida yake, na makambi yale yalikuwa pia mahali pa kuwachunga watu mchana na usiku. Hata hivyo hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, kwa kuwa mtu aliyeishi na mke na watoto wake alikaa, akajifunza kazi, akazeekea mjini, na wengi wetu tunaosoma barua hii ni wajukuu wa watu hao. Ikiwa kampuni ya kikoloni iliyokuwa ikitafuta shaba tu iliweza kuelewa kwamba mfanyakazi hatulii bila familia yake, Serikali ya wananchi inashindwaje kuliweka jambo hilo katika taratibu zake?

Nianze na cheti cha kuzaliwa, kwa maana bila hicho hakuna pasipoti, hakuna viza, na ugenini hakuna shule. Sheria zetu hapa ni nzuri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, pamoja na Kanuni ya Familia kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, zinataka kila mtoto aandikishwe katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na ndani ya muda huo uandikishaji haulipiwi. Lakini utafiti wa kitaifa kuhusu hali ya watoto na akina mama, uitwao MICS, wa mwaka 2017-2018 ulionyesha kwamba, kati ya watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, walioandikishwa walikuwa karibu 40 tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao, mbele ya sheria, hawajazaliwa bado.

Si kwamba wazazi hawajali. Mama anapotoka maternite, yaani hospitali ya uzazi, hupewa karatasi yenye jina la mtoto, uzito wake na tarehe, tena ina muhuri, na watu wengi huamini kwamba hicho ndicho cheti chenyewe. Karatasi hiyo hutosha kumbatiza mtoto, mara nyingi hutosha kumwingiza shule ya msingi, na kwa miaka kumi hakuna anayeiuliza familia kitu kingine. Wengine hufika komine, yaani ofisi ya utawala ya sehemu yao ya mji, kwa wakati, wakaambiwa kwamba rejista zimekwisha, au wakaombwa pesa ambazo hazimo katika sheria yoyote, wakaenda zao wakisema watarudi mwisho wa mwezi. Siku 90 hupita upesi sana kwa mama anayeuza unga sokoni katika komine yetu iitwayo Kenya au kwa baba anayeamka alfajiri kwenda machimboni na kurudi giza limeingia.

Zikishapita, njia hubadilika kabisa. Mzazi hawezi tena kumwendea ofisa wa komine moja kwa moja. Lazima kwanza aende mahakama ya watoto kuomba hukumu inayoziba nafasi ya tamko lililochelewa, ile ambayo hapa kwetu watu huiita supuletifu. Baada ya hukumu kuna hati ya kuijulisha kwa wanaohusika, kisha cheti kinachothibitisha kwamba hakuna aliyekata rufani, na hapo ndipo ofisa wa komine anapoandika jina katika rejista na kutoa cheti cha kuzaliwa. Kila hatua ina ofisi yake, siku zake na malipo yake. Kwa mtoto mmoja, familia yenye subira humaliza. Kwa watoto watano, waliozaliwa katika komine tofauti kwa sababu wazazi walikuwa wapangaji waliohamahama kutoka Katuba hadi Ruashi na kutoka Ruashi hadi Kampemba, hesabu inakuwa nyingine, hasa inapotokea, na hutokea mara nyingi mno, kwamba jina la baba limeandikwa Mwamba kwenye cheti kimoja na Muamba kwenye kingine, au kwamba jina la mwisho la mama limewekwa mahali pa jina la kati. Hapa nyumbani hakuna anayeshtuka kwa tofauti hiyo. Mbele ya ofisa wa viza, hao ni watu wawili.

Naomba mlitazame jambo hili kwa jicho la ofisa huyo, kwa sababu yeye hana ubaya nasi. Mbele yake kuna mtoto wa miaka 13 ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimetolewa juzi, kwa hukumu iliyotolewa wiki chache kabla ya ombi la viza. Ataamini vipi? Anatilia shaka, anaandika barua ya kuomba maelezo, na baadhi ya nchi, ikiwemo Ubelgiji, huipendekezea familia kipimo cha DNA ili kuthibitisha kwamba mtoto ni wa wazazi wake. Familia hulipa gharama hiyo ili kuthibitisha jambo ambalo komine ingeweza kulithibitisha bure mtoto alipokuwa mchanga. Mzazi anayeombwa damu yake kuwa ushahidi kwamba mtoto aliyemlea ni wake hapati tu gharama. Anapata fedheha, na fedheha hiyo chanzo chake ni rejista zetu.

Katika pengo hilo ndimo makomisionere, madalali wa karatasi, wanamopata riziki. Wanasimama nje ya ofisi, wanaahidi cheti ndani ya siku tatu, na mzazi aliyechoka anawapa dola alizokuwa ameziwekea nauli. Nimeona familia iliyonunua cheti kwa njia hiyo bila kujua kwamba namba yake haimo katika rejista yoyote; ombi lao lote lilikataliwa, pamoja na la watoto wengine ambao vyeti vyao vilikuwa halali, kwa kuwa ubalozi ukishapata karatasi moja ya uongo katika dosie hauziamini tena zile nyingine. Siwatetei wanaouza vyeti. Nasema tu kwamba soko lao limefunguliwa na foleni zetu.

Tuseme sasa vyeti vimepatikana. Safari bado. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijajiunga na Mkataba wa La Haye (The Hague) wa tarehe 5 Oktoba 1961, ule ulioweka muhuri mmoja wa apostili badala ya mlolongo wa saini za ofisi mbalimbali. Ubelgiji ni mwanachama, Afrika Kusini ni mwanachama tangu 1995, jirani yetu Burundi tangu 2015, na Kanada imeanza kuutumia Januari 2024. Sisi tuliobaki nje tunalazimika kupeleka cheti kilichotolewa Lubumbashi hadi Kinshasa kikathibitishwe katika Wizara ya Mambo ya Nje, kisha kithibitishwe tena na ubalozi wa nchi tunayokwenda. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 angani, na hakuna barabara ambayo familia inaweza kuitegemea mwaka mzima. Kwa hiyo ama mzazi anapanda ndege, ama anamkabidhi mtu asiyemjua karatasi ambazo zimemgharimu mwaka mzima.

Nafahamu kwamba kujiunga na mkataba huo peke yake si dawa. Nchi ambazo tayari ni wanachama zinaruhusiwa kuweka pingamizi dhidi ya mwanachama mpya zisipokuwa na imani na vyeti vyake, na baadhi zimewahi kufanya hivyo kwa nchi za Afrika. Ndiyo sababu nimeanza na komine na mahakama kabla ya kufika La Haye: rejista zikiwa safi, muhuri utaaminika. Lakini wakati Bunge likijadili mkataba, hakuna kinachoizuia Wizara kumweka Lubumbashi ofisa mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati, ambaye saini yake itapelekwa kwenye balozi zote zilizoko Kinshasa ili zimtambue. Mji wetu ni wa pili kwa ukubwa nchini, na hapa hapa kuna balozi ndogo za nchi kadhaa, zikiwemo Zambia na Ubelgiji. Nchi hizo ziliona kwamba raia wao wa Lubumbashi hawapaswi kusafiri hadi Kinshasa kwa kila saini. Sisi wenye mji tunaomba jambo lile lile.

Tazameni pia jinsi familia za wageni zinavyofika kwetu. Mhandisi wa mgodi anayekuja kutoka Ulaya anakuta mtaa wa Golf una nyumba, anakuta shule ya Kibelgiji inayofuata programu ya Ubelgiji, hivyo mtoto wake akirudi kwao baada ya miaka mitatu hapotezi darasa hata moja. Siwaonei wivu. Ninaona tu kwamba nyuma ya utulivu wa watoto hao kuna Serikali iliyofikiria mapema, na kwamba mtoto wa kwetu anayekwenda upande wa pili anastahili kufikiriwa vivyo hivyo.

Kuhusu gharama sitasema mengi, kwa kuwa mnazijua. Pasipoti iliyokuwa ikiuzwa dola 185 tangu 2015 ilishushwa baadaye, na tunashukuru, lakini hudumu miaka mitano tu, hata kwa mtoto mchanga, na huku kwetu familia ya watu sita si kubwa. Siku ya kuondoka kuna Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege, ambayo kwa safari ya kimataifa ni dola 50 au zaidi kwa kila msafiri, yaani dola 300 au zaidi kwa familia hiyo kabla haijaingia ndegeni. Naomba watoto walio chini ya umri wa miaka 12 wafikiriwe kwa bei nyingine. Basi.

Nirudi kwenye muda, kwa sababu hapo ndipo familia zinapoumia zaidi. Nchi za wenzetu huhesabu umri wa watoto wetu kwa siku. Ubelgiji humkubali mtoto katika utaratibu wa kuunganisha familia akiwa chini ya miaka 18. Kanada, tangu Oktoba 2017, akiwa chini ya miaka 22. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003, ombi la kuunganisha familia linapaswa kujibiwa ndani ya miezi tisa, lakini miezi hiyo huanza kuhesabiwa siku dosie inapopokelewa, si siku mzazi alipoanza kuzunguka komine na mahakama. Msichana aliyekuwa na miaka 16 mama yake alipoondoka anaweza kufikisha 18 huku cheti chake kikisubiri saini, na hapo wadogo zake wanakwenda, yeye anabaki. Nimemwona kijana akibaki hivyo kwa shangazi yake, akiwasindikiza wenzake hadi uwanja wa ndege wa Luano. Hakuna sheria ya Ubelgiji iliyomtenga na mama yake. Kilichomtenga ni miaka miwili iliyoliwa hapa kwetu.

Na wanaosubiri, wanasubirije? Mimi ninawaona darasani. Mtoto ambaye ameambiwa nyumbani kwamba anaondoka mwezi ujao haoni sababu ya kufanya kazi ya nyumbani, na mzazi haoni sababu ya kulipa ada ya muhula wa pili wala kununua viatu vipya. Mwezi ujao unafika, safari inasogezwa, mtoto anarudi darasani akiwa ameachwa nyuma, na baada ya miaka miwili ya namna hiyo anakuwa mtu ambaye hayuko Lubumbashi wala hayuko ugenini. Mama aliyebaki naye anakuwa baba na mama, anangoja pesa kwenye simu, anajibu maswali ya wakwe na ya majirani ambao wameanza kunong'ona kwamba mume ameoa huko. Baba naye, ambaye mwajiri alimwahidi nyumba ya familia, anaikosa kwa kuwa familia haijafika, anapanga chumba kimoja, anakula mkate na chai, anazeeka. Ndoa nyingi nzuri zimevunjika katika kusubiri huko, bila ugomvi wowote.

Niseme sasa kuhusu kule wanakofika, hasa Zambia, maana huko ndiko wengi wetu wanakokwenda. Ndola iko karibu na Lubumbashi kuliko Kolwezi. Mtu huvuka mpaka wa Kasumbalesa asubuhi, na mchana yuko Copperbelt, jimbo la migodi ya shaba la Zambia, katikati ya watu wanaosema Kibemba, lugha ambayo hata hapa kwetu inasikika katika nyumba nyingi. Kwa hiyo wazazi hudhani kwamba watoto watazoea upesi, na mitaani kweli wanazoea. Shuleni ni habari nyingine. Mwaka wetu wa masomo huanza Septemba na kwisha Julai. Wa Zambia huanza Januari. Mtoto anayefika Agosti, akiwa amemaliza darasa lake vizuri, hukuta mwaka umebaki muhula mmoja, na mara nyingi hurudishwa nyuma. Amesoma kwa Kifaransa, na kule baada ya madarasa ya mwanzo masomo hutolewa kwa Kiingereza. Buletini yake, ambayo mimi na wenzangu tumeijaza kwa uangalifu kwa asilimia zetu na saini zetu, haisomeki kwa mwalimu wa Kitwe, wala hakuna ofisi inayompa maelezo ya kwamba asilimia 68 kwetu ni alama ya mtoto hodari. Mwalimu anafanya anachoweza: anamweka mtoto mahali ambapo hatashindwa, yaani chini. Nimepokea simu za wazazi wakilia kwamba kijana aliyekuwa wa pili darasani sasa ameketi na watoto aliowazidi miaka mitatu, na hataki tena kwenda shule.

Hili halihitaji pesa nyingi. Wizara zetu za elimu, kwa makubaliano na jirani zetu wa Zambia, zingeweza kutoa fomu moja ya uhamisho wa mwanafunzi, iliyochapwa kwa Kifaransa na Kiingereza, inayoeleza daraja, masomo na maana ya alama, ikajazwa na shule na kupigwa muhuri hapa jimboni. Walimu tuko tayari kuijaza hata kesho. Afrika Kusini inatufundisha jinsi kukosa maandalizi kunavyoumiza: mwezi Juni 2015 ilipoanza kumtaka kila mtoto anayeingia nchini awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, familia nyingi zilizokuwa zikienda huko kwa matibabu au masomo zilijikuta zimekwama, na masharti hayo hayakulegezwa kwa wageni hadi mwaka 2019. Jirani ana haki ya kubadili sheria zake. Wajibu wa Serikali yetu ni kuhakikisha kwamba sheria za jirani zikibadilika, watoto wetu tayari wana karatasi.

Halafu kuna watoto wanaozaliwa huko huko. Siku 90 zinamhusu na mtoto wa Mkongo aliyezaliwa Chingola, lakini mama yake yuko mbali na ubalozi wetu wa Lusaka kwa mamia ya kilomita, na huenda hajui kabisa kwamba ubalozi una kazi hiyo. Mtoto anabaki na karatasi ya hospitali ya nchi nyingine, na siku familia inaporudi likizo, anasimama mpakani kama mgeni. Katika kuandaa uchaguzi wa Desemba 2023, Jamhuri yetu kwa mara ya kwanza iliwaandikisha wapigakura wanaoishi nje, katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Mashine zilisafirishwa, maofisa walifunzwa, watu walipanga foleni wakiwa na furaha. Kama tuliweza kuwafuata wananchi kwa ajili ya kura, tunaweza kuwafuata kwa ajili ya watoto wao, na tuanze na Zambia, ambayo haikuwa katika orodha hiyo ingawa ndiyo nchi ya nje ambayo mtu wa Lubumbashi anaifikia kwa basi.

Suala la uraia sitaliacha, ingawa najua ni zito. Kifungu cha 10 cha Katiba kinasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine, na sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inamwondolea uraia Mkongo anayechukua uraia wa nchi nyingine. Kwa mtu anayeishi peke yake, uamuzi huo ni wake. Kwa familia ni jambo tofauti, kwa kuwa mzazi anayechukua uraia wa Kanada ili watoto wake wasome na kufanya kazi kwa haki sawa na wenzao huamka siku moja akiwa mgeni katika nyumba aliyozaliwa, akiomba viza ili aje kumzika mama yake. Mwaka 2007 Bunge lenyewe liliwapa muda wabunge waliokuwa na uraia wa nchi mbili ili suala hilo litafutiwe ufumbuzi. Wananchi wa kawaida hawajapewa muda wowote. Naliomba Bunge lirudi kwenye mjadala huo kwa uwazi, na wakati ukiendelea, mzazi na mtoto wa asili ya Kongo wapewe hati ya kudumu ya kuingia na kukaa, isiyodai malipo kila mwaka wala maelezo marefu mpakani.

Ninayoyaomba yaanze sasa, bila kungoja Katiba wala mkataba wowote, ni haya. Gavana aitishe zoezi la kuandikisha watoto waliopitwa na muda katika komine zote saba za mji na katika miji ya Likasi, Kipushi na Kasumbalesa, mahakama za watoto zikienda mitaani pamoja na maofisa wa hali ya raia, ili familia moja itoe dosie moja, isikilizwe siku moja na kupata vyeti vya watoto wake wote bila malipo. Kila maternite kubwa iwe na ofisa wa kupokea tamko la kuzaliwa kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Waziri wa Mambo ya Nje aweke Lubumbashi meza ya kuthibitisha hati, yenye bei iliyobandikwa ukutani na siku ya kujibu inayojulikana. Na Waziri wa Sheria aagize kwamba hukumu za watoto wanaotakiwa kuwafuata wazazi wao nje, hasa waliokaribia umri wa miaka 18, zisikilizwe mbele ya nyingine.

Naandika mapema kwa kusudi. Shule za Zambia zinafunguliwa Januari, na familia zinazotaka kuhamia huko zinaanza kuja kwangu na bahasha zao kuanzia Septemba. Wazazi wengi wangependa kujua, kabla ya mwezi huo, ni ofisi ipi katika mji huu itakayowapokea, na nitafurahi kulibandika jibu lenu kwenye ubao wa matangazo wa shule yetu siku ile ile litakaponifikia.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa sekondari na mzazi,
Komine ya Kenya, Lubumbashi